Daktari Wiley na Meza ya Sumu

Katika mji wa Shinyanga, kama ilivyo Kahama na Geita na kila mahali penye maduka, mama wa nyumbani hutoka asubuhi akarudi na kikapu chake: unga kilo mbili, sukari, chumvi, chupa ya mafuta ya pamba, majani ya chai, na labda pilipili manga iliyokwisha kusagwa. Vitu hivi hakuvifanya yeye. Hakuyaona mahindi yalipokuwa shambani, hakuiona mashine iliyoyasaga, wala hamjui mtu aliyeufunga mfuko. Mababu zetu hawakuwa hivyo. Wao walikula mtama walioulima wenyewe, wakanywa maziwa ya ng'ombe wao, na asali yao ilitoka katika mzinga waliouona juu ya mti. Chakula kikiwa kibaya, walijua kimeharibikia wapi. Lakini yeye anunuaye dukani huamini tu. Yuko mtu mmoja, amekwisha kufa zamani, ambaye alitumia karibu maisha yake yote kuuliza kama imani hiyo ina msingi. Jina lake ni Harvey Washington Wiley, na habari zake ndizo hizi.

Alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1844 katika nyumba ya magogo, karibu na kijiji cha Kent, jimbo la Indiana, nchi ya Marekani. Baba yake alikuwa mkulima, na siku za Jumapili alihubiri. Tena alikuwa mtu aliyeuchukia utumwa, nao wakati ule katika majimbo ya kusini watu weusi walikuwa wakiuzwa kama ng'ombe mnadani. Yeye aliwasaidia watumwa waliotoroka kwenda kaskazini. Shambani kwao walilima mtama, si ule wa ugali, bali ule wenye bua tamu. Walilikamua bua lile, wakachemsha maji yake hata yakawa mazito kama asali. Hivyo mtoto Harvey alijua tangu udogoni kwamba utamu ulio safi haupatikani bila jasho, na jambo hilo litatokea tena mbele katika habari zake.

Mwaka 1863 aliingia chuo cha Hanover. Mwaka uliofuata akawa askari kwa miezi michache katika vita vile vilivyoukomesha utumwa, kisha akarudi kwenye vitabu vyake akamaliza mwaka 1867. Alifundisha Kilatini na Kigiriki. Akasoma udaktari, akaupata mwaka 1871. Lakini hakufungua nyumba ya kutibu wagonjwa. Moyo wake ulivutwa na kemia, yaani elimu ya kujua vitu vimefanywa kwa nini na vinageukaje vikichanganywa. Basi akaenda Chuo Kikuu cha Harvard, na mwaka 1874 akawa mwalimu wa kemia katika chuo kipya kilichoitwa Purdue, hukohuko Indiana.

Huko Purdue kilitokea kisa ambacho vijana wa Shinyanga watakicheka. Mwalimu Wiley alinunua baiskeli, moja ya zile za zamani zenye gurudumu moja kubwa mbele na dogo nyuma, akawa akiipanda kwenda kazini. Wazee wa baraza la chuo walikasirika sana. Wakamwita, wakamshitaki kwamba anapanda chombo kile mbele ya watu kama nyani juu ya gurudumu, na kwamba anacheza mpira pamoja na wanafunzi wake. Mambo hayo, walisema, hayampasi mwalimu. Wiley hakubishana nao. Aliandika barua ya kuacha kazi, akaiweka mezani. Wazee walipoona kwamba watampoteza mwalimu wao aliye hodari kwa ajili ya baiskeli, wakakataa kuipokea. Akaendelea kufundisha, na baiskeli akaendelea kuipanda.

Kabla ya kisa hicho, mwaka 1878, alikuwa amesafiri kwenda Ujerumani. Huko alijifunza kutumia chombo kimoja cha ajabu. Mwanga wa namna maalumu hupitishwa katika maji yenye sukari, na sukari hiyo huugeuza mwanga upande. Sukari ya miwa huugeuza kwa kadiri yake, na sukari ifanywayo kwa wanga wa mahindi huugeuza kwa kadiri nyingine. Ulimi wa mtu hauwezi kuzitenganisha vizuri zikiwa zimechanganywa, lakini chombo kile huweza. Aliporudi nyumbani, watu wa afya wa jimbo la Indiana walimwomba azipime sukari na shira zilizouzwa madukani. Akazipima, na mwaka 1881 akatangaza matokeo yake: nyingi ya zile shira zilizouzwa kwa jina la shira safi zilikuwa zimetiwa sukari ya mahindi, ambayo bei yake ni rahisi. Sukari hiyo haikuwa sumu. Kosa lilikuwa kwamba mtu analipa fedha kwa kitu kimoja, naye anapewa kingine.

Hapa lazima tuseme pia kwamba ulimi wake ulimponza mara moja. Katika maandiko ya mwaka ule alisema kwamba wako watu wanaotengeneza hata masega ya nyuki kwa nta ya mafuta, wakayajaza sukari ya mahindi na kuyauza kama asali. Baadaye alieleza kwamba alitania. Wafuga nyuki wa Marekani hawakuona utani. Biashara yao iliharibika, wakalipa neno lile jina la uongo wa Wiley, wakalikumbuka kwa miaka mingi. Mtu ambaye kazi yake ni kupima ukweli wa wengine hana ruhusa ya kutania juu ya jambo analolipima.

Mwaka 1883 alihamia Washington, mji mkuu, akawa mkemia mkuu wa Idara ya Kilimo ya serikali. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchunguza kama mtama ule wa bua tamu ungeweza kuipatia nchi sukari. Lakini hakusahau zile shira za Indiana. Tangu mwaka 1887 yeye na wasaidizi wake walitoa vitabu, kimoja baada ya kingine, juu ya vyakula vinavyouzwa na vitu vinavyochanganywa ndani yake. Waliona pilipili iliyochanganywa na maganda yaliyosagwa, kahawa ambayo haikuwa kahawa, na mafuta ya nguruwe yaliyotiwa mafuta ya pamba. Mafuta ya pamba ni chakula kizuri, watu wa Shinyanga wanajua. Bali yauzwe kwa jina lake.

Jambo lililomtia hofu zaidi lilikuwa lingine. Siku hizo miji ya Marekani ilikuwa inakua upesi, na chakula kilitoka mbali kwa gari la moshi. Maziwa yalichacha njiani, nyama ilioza, siagi ilinuka. Wafanya biashara wakapata dawa. Katika siagi na nyama walitia boraksi, chumvi nyeupe iliyotumika kufulia nguo na kuua mende. Katika maziwa walitia fomalini, dawa ileile itumikayo kuhifadhi maiti zisioze. Maziwa yaliyotiwa fomalini hukaa siku nyingi bila kuchacha, hata wakati wa joto. Nayo ndiyo maziwa waliyonyweshwa watoto wachanga. Hakuna alama yoyote iliyoandikwa juu ya chombo. Mama hakuweza kujua.

Wafanya biashara walipoulizwa, walijibu kwamba kiasi kidogo hakidhuru. Wiley alidhani kinadhuru. Lakini kudhani si kujua, na Bunge halitungi sheria juu ya dhana ya mtu mmoja. Kwa miaka mingi miswada ya sheria ya chakula ilipelekwa Bungeni, na kila mara ikafa, kwa maana wenye mali walikuwa na marafiki wengi mle ndani. Ndipo Wiley alipotafuta njia ya kuthibitisha. Mwaka 1902 aliliomba Bunge fedha, akapewa dola 5,000. Katika chumba cha chini cha jengo lake la kazi akatengeneza jiko na ukumbi wa kulia chakula, wenye meza zilizotandikwa vizuri. Kisha akatafuta vijana wanaume 12, wengi wao makarani wa Idara ya Kilimo, wenye afya njema, watakaokubali kula sumu kwa hiari yao.

Mtastaajabu kwamba walipatikana. Hawakulipwa mshahara wa kazi hiyo. Walichopata ni chakula cha bure mara tatu kwa siku, na chakula chenyewe kilikuwa kizuri, kimepikwa na mpishi hodari. Lakini kila mmoja alitia sahihi ahadi. Hatakula wala kunywa chochote nje ya ukumbi ule, ila maji, nayo maji yatapimwa. Atapimwa uzito, joto la mwili na mapigo ya moyo. Kila kitokacho mwilini mwake atakikusanya katika chombo na kukileta kipimwe, asipoteze hata kidogo. Tena akipatwa na dhara, hataishitaki serikali.

Utaratibu wa Wiley ulikuwa huu, nao unastahili kuangaliwa kwa makini. Kwanza vijana walikula chakula safi kwa siku kadhaa, ili ijulikane miili yao ikoje inapokuwa katika hali yake. Kisha walikula chakula chenye dawa. Kisha wakarudia chakula safi, ili ionekane kama dhara linaondoka. Hivyo kila mtu alilinganishwa na nafsi yake mwenyewe. Wataalamu wa siku hizi wangetaka zaidi ya hapo. Wangetaka kundi la pili likae meza ileile lisipewe dawa, na mtu asijue yumo katika kundi gani. Wiley hakufanya hivyo, na kwa hiyo baadhi ya hesabu zake hazina nguvu. Lakini kabla yake hakuna aliyekuwa amefanya hata nusu ya hayo kwa chakula cha nchi nzima.

Walianza na boraksi. Kwanza ilifichwa katika siagi. Baada ya siku chache vijana, bila kuambiwa, wakaanza kuiacha siagi. Ikahamishiwa katika maziwa, kisha katika nyama, kisha katika kahawa. Na kila ilikohamia, chakula kile kikaanza kubaki mezani. Mwisho Wiley akaona afadhali aache kuficha. Akaitia boraksi katika vidonge, na vijana wakavimeza waziwazi katikati ya kula, kama mgonjwa amezavyo kwinini. Kadiri siku zilivyopita na kiasi kilivyoongezwa, hamu ya kula ikapungua, vichwa vikauma, matumbo yakasumbuka.

Habari zikavuja. Mwandishi mmoja wa gazeti la Washington alizunguka jengo lile kila siku akitafuta neno, na alipokosa la kweli aliandika la uongo. Mara moja aliandika kwamba vijana wale wamegeuka rangi wakawa wekundu. Wiley alikasirika, kwani aliona kazi yake inafanywa mchezo. Magazeti yakawapa vijana wale jina la Kikosi cha Sumu, na jina hilo likaenea nchi nzima, watu wakawatungia nyimbo za kuchekesha. Hata hivyo mchezo huo ulimsaidia kuliko alivyotambua mwanzoni. Watu ambao wasingesoma kitabu cha kemia walisoma gazeti, wakaanza kuangalia siagi yao kwa macho mengine.

Baada ya boraksi zikafuata dawa nyingine mpaka mwaka 1907: asidi ya salisili, dawa za salfa, benzoeti, na ile fomalini ya maziwa. Vijana waliugua zaidi kwa baadhi ya dawa hizo, na wengine walishindwa kuendelea. Vijana wengine walikuja kushika nafasi zilizoachwa wazi.

Juu ya dawa za salfa nitasema kidogo, maana si mambo ya zamani tu. Nyama iliyolala ikitiwa dawa hizo hupata rangi nyekundu nzuri kama nyama iliyochinjwa asubuhi, hata mnunuzi adanganyike. Jambo hilohilo lilitangazwa Nairobi mwaka 2019, habari zilipoonyeshwa katika televisheni ya Kenya kwamba nyama iliyouzwa katika baadhi ya maduka makubwa ilitiwa dawa ya namna hiyo kupita kiasi. Serikali ya huko ikatuma watu kuchukua vipande vya nyama na kuvipima. Tena si kila sumu ya chakula hutiwa na mtu. Ukungu uotao juu ya mahindi na karanga zisizokauka vizuri hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haina ladha wala harufu, na kuipika hakuiondoi. Mashariki ya Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo, na 125 wakafa. Nchini Tanzania, mwaka 2016, zaidi ya watu 60 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na karibu 20 wakafa. Macho yao yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, kwa sababu sumukuvu hushambulia ini. Mahindi yenyewe yalikuwa chakula chao cha kila siku. Ninyi mnaokaa penye karanga na mahindi mmewaona wazee wakianika mavuno juani na kuzitenga punje zilizoingia ukungu. Sasa mmejua sababu.

Turudi kwa Wiley. Alikwenda mji baada ya mji akihutubia, naye alikuwa mtu mrefu, mnene, msemaji hodari mwenye kuchekesha. Waliomsaidia zaidi walikuwa wanawake. Wakati ule wanawake wa Marekani katika majimbo mengi hawakuwa na haki ya kupiga kura, lakini walikuwa na vyama vyao, nao ndio waliokwenda sokoni na kupika. Waliwaandikia wabunge barua kwa maelfu. Mapema mwaka 1906 mwandishi Upton Sinclair alitoa kitabu cha hadithi kiitwacho The Jungle, kilichoeleza uchafu wa viwanda vya nyama vya Chicago, na nchi ikachafuka roho. Bunge halikuweza kungoja tena. Tarehe 30 Juni 1906 Rais Theodore Roosevelt alitia sahihi sheria mbili, moja ya ukaguzi wa nyama, na moja ya kukataza chakula na dawa zenye vitu vya kudhuru au zenye jina la uongo kupelekwa kutoka jimbo moja hata jingine. Hii ya pili watu waliizoea kuiita sheria ya Daktari Wiley.

Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuisimamia, na taabu zake zikazidi hapo. Siku moja katika mwezi wa Januari 1908 aliitwa nyumbani kwa Rais pamoja na wafanya biashara. Rais alimsikiliza vizuri juu ya benzoeti, na mambo yalikuwa yakimwendea Wiley vyema. Kisha mfanya biashara mmoja akaeleza kwamba kampuni yake hutumia sakarini mahali pa sukari, ikaokoa maelfu ya dola kila mwaka. Wiley, bila kuulizwa, akadakia kwamba kila alaye chakula hicho anadanganywa na anadhuriwa. Hakujua kwamba daktari wa Rais alikuwa akimpa Rais sakarini kila siku kwa ajili ya afya yake. Roosevelt aligeuka mkali, akamwambia kwamba asemaye sakarini inadhuru ni mpumbavu. Mkutano ukavunjika. Baada ya siku chache Rais akaunda baraza la wataalamu wa kupitia upya maneno ya Wiley, na mkuu wa baraza hilo akawa Ira Remsen, ambaye sakarini yenyewe iligunduliwa katika chumba chake cha kazi.

Baraza lile lilisema mwaka 1909 kwamba benzoeti kidogo haidhuru, na hata leo serikali nyingi zinairuhusu kwa kiasi kilichowekwa. Basi Wiley hakushinda kila shauri, wala hakustahili kushinda kila shauri. Alikuwa mgumu wa kubadili neno. Lakini juu ya boraksi na fomalini dunia imekuja upande wake. Katika nchi nyingi ni marufuku kuzitia katika chakula. Na hoja yake moja ilikuwa na nguvu hata pale alipokosea hesabu. Alisema kwamba chakula kisipimwe kwa tumbo la kijana mwenye nguvu, bali kwa la mtoto, la mzee na la mgonjwa, kwa kuwa hao nao hula chakula kilekile. Na ya kuwa muuzaji ndiye apaswaye kuonyesha kwamba bidhaa yake haidhuru, wala si mlaji aonyeshe kwa kuugua.

Mwaka 1911 wakubwa wenzake walimshitaki kwamba amekiuka taratibu za malipo katika kumwajiri mtaalamu mmoja. Rais Taft akachunguza, akamwona hana hatia. Hata hivyo alichoka kufanya kazi akiwa amefungwa mikono, na mwezi wa Machi 1912, baada ya miaka 29 katika kazi ile, akajiuzulu. Mwaka wa mashitaka yale alikuwa amemwoa Anna Kelton, mwanamke aliyepigania haki ya wanawake kupiga kura; yeye Wiley alikuwa na umri wa miaka 66, na wakapata watoto wawili wa kiume. Akaenda kufanya kazi katika gazeti la akina mama liitwalo Good Housekeeping, ambalo lilimpa chumba cha kupimia vyakula. Akakaa huko miaka 18, akipima vitu vya jikoni na kuwaeleza akina mama alichokiona ndani yake.

Alifariki dunia nyumbani kwake Washington, akiwa na umri wa miaka 85. Ilikuwa tarehe 30 Juni 1930, siku ileile ambayo miaka 24 kabla yake Rais alitia sahihi ile sheria. Alizikwa Arlington, katika makaburi ya askari, kwa sababu ya ile miezi michache aliyotumika vitani alipokuwa kijana.